Kidonda cha kisukari Tabora: mguu kwanza, jeli baadaye

Mgeni akifika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huonyeshwa tembe ambamo David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872. Husimuliwa jinsi Stanley alivyoondoka tarehe 14 Machi kurudi pwani, na mwenzake alivyobaki hadi tarehe 25 Agosti akisubiri wapagazi. Husimuliwa pembe za ndovu, utumwa, na vita vya Mirambo vilivyoifunga njia ya Ujiji. Habari ya miguu haimo katika masimulizi hayo, nami naona ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa mkoa huu wa leo.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya Kwihara, Livingstone alikuwa Kabambare, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Manyema ambako wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wamekwisha kuisogeza njia ya misafara. Alifika huko tarehe 22 Julai 1870 miguu imeliwa na vidonda, akaingia kibandani, na hakutoka hadi tarehe 10 Oktoba. Siku alizihesabu mwenyewe katika shajara yake: 80. Aliandika kwamba kila alipokanyaga chini, majimaji yenye damu yalitiririka. Alijaribu dawa hii na ile, na iliyomridhisha ilikuwa malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, likisagwa kwa maji juu ya jiwe jingine na kupakwa kwa unyoya. Alipopona, sifa zote zikaenda kwa malakiti.

Mimi ningezigawa sifa hizo vingine. Shaba huua vijidudu, hilo silikatai. Lakini mtu aliyelala siku 80 bila kukanyaga, watumishi wake Susi, Chuma na Gardner wakimhudumia kwa kila kitu, alikuwa akipata tiba nyingine ambayo hakuipa jina. Wapagazi na watumwa waliopata vidonda vya namna ile hawakupewa siku 80. Walitembea navyo, na wengi waliachwa njiani. Vidonda vile havikuwa vya kisukari, na sitaki msomaji achanganye. Ninachokitaka kwake ni swali moja tu: kidonda cha mguu kinapopona, nani hasa amekiponya, kilichopakwa juu yake au uzito ulioondolewa juu yake?

Nauliza kwa sababu ya jeli. Kila baada ya muda mfupi tunasoma kwamba wanasayansi wa ng'ambo wametengeneza bandeji mpya ya haidrojeli itakayomaliza vidonda vya kisukari, na kila mara wapo wenzetu wanaoandika kwa hamasa kwamba Tanzania isiachwe nyuma. Sipingi sayansi hiyo. Naipenda, na nitaieleza hapa kwa kadiri ninavyoifahamu. Ninachokipinga ni mpangilio wa foleni.

Haidrojeli ni wavu wa minyororo mirefu ya molekuli zilizofungamana, ulionyonya maji mengi hadi sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na bado hauyeyuki. Otto Wichterle na Drahoslav Lím, wanakemia wa iliyokuwa Chekoslovakia, walichapisha kazi yao juu ya jeli za aina hiyo kwa matumizi ya mwilini mwaka 1960, na kutoka hapo zikazaliwa lenzi laini za macho. Mwaka 1962 George Winter wa Uingereza akaonyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililohifadhi unyevu hufunikwa na ngozi mpya upesi, karibu mara mbili kuliko lililoachwa likauke na kufanya gaga. Lilikuwa pigo kwa imani ya karne nyingi. Hata leo, mjini na vijijini, utamsikia mzee akiagiza kidonda kiachwe wazi kipigwe na upepo, na dresa akikubaliana naye.

Jeli ya kawaida, nyingine hutengenezwa kwa selulosi ileile iliyomo katika pamba ya Igunga na Nzega, hufanya kazi tatu. Hulainisha nyama iliyokufa hadi mwili wenyewe uibandue. Hutunza unyevu ambamo chembe mpya hutambaa. Na hutulia juu ya kidonda bila kugandamana nacho, tofauti na gozi kavu ambayo ukiibandua asubuhi unaondoka na ngozi iliyozaliwa usiku. Zile za kisasa zaidi zimekuwa kama maabara ndogo. Zipo zenye kampaundi zinazoshikana na sukari, hivyo sukari ikipanda ndani ya kidonda wavu hulegea na kuachia dawa. Zipo zenye chembechembe za fedha, zenye kaitosani inayotokana na magamba ya kamba, zenye umeme mdogo. Mwaka 2023 kundi la Wei Gao katika Taasisi ya Teknolojia ya California lilieleza bandeji inayopima hali ya kidonda, kupeleka taarifa bila waya na kuachia dawa. Ilijaribiwa kwa panya wenye kisukari, na ikawasaidia.

Panya, basi. Ngozi ya panya hujivuta na kufunga jeraha kwa namna ambayo unyayo wa binadamu hauwezi, ndiyo maana jeli nyingi zilizong'ara maabara hazijafika wodini. Lakini kuna panya wengine wanaonihusu zaidi. Mwaka 2005 watafiti wa Dar es Salaam, akiwemo daktari Zulfiqarali Abbas ambaye ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwa miguu ya wagonjwa wa kisukari, walichapisha taarifa ya watu waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini. Panya anamla mtu kidole, na mtu anaendelea kulala. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wenyewe.

Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huharibu neva, na zinazotangulia kuumia ni zile ndefu zinazofika kwenye vidole vya miguu. Mguu unakufa ganzi. Mwenye mguu huo hashukuru wala halalamiki, kwa sababu haumuumi. Anatembea na mwiba tangu asubuhi hadi jioni. Msumari wa katambuga unamchimba kisigino bila yeye kujua. Kokoto inaingia kwenye kiatu cha kwenda kanisani, anarudi na soksi ina damu na anajiuliza imetoka wapi. Usiku wa Julai, baridi inapobana Unyamwezi, anasogeza miguu kwenye moto na kuungua taratibu huku akipiga soga. Kwenye unyayo sugu inaota, inagandamiza nyama iliyo chini yake, na kidonda kinaanzia ndani kabla hakijaonekana nje. Kwa wengine mishipa ya damu nayo imebana, na chembe nyeupe za kupigana na vijidudu zimelegea. Kikishafunguka, kinasahau kufunga.

Hapo kila mtu ana dawa. Majivu, majani, mafuta ya taa, na juu ya yote unga wa vidonge vya rangi mbili, ile kapsuli ya antibiotiki inayofunguliwa na kunyunyiziwa juu ya kidonda kama chumvi. Malakiti ya zama zetu. Mgonjwa anaona kidonda kimekauka juu na anasema kinapona, kumbe chini usaha unatafuta mfupa. Anapofika hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, au Nkinga kule Igunga, kimekuwa donda ndugu na neno linalozungumzwa ni kukata.

Takwimu za Dar es Salaam zinatosha kutisha, na Dar ndiko kwenye madaktari wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusu wagonjwa 627 wa kisukari. Kati yao 92 walikuwa na vidonda vya miguu, na 30 katika hao 92 walikatwa, ama kidole ama mguu. Karibu watatu katika kila kumi wenye vidonda walifariki, waliokatwa na wasiokatwa sawia. Waliofika na vidonda vilivyokomaa kabisa na hawakufanyiwa upasuaji, zaidi ya nusu walikufa hospitalini. Wanaokimbia kisu kwa kuamini kwamba mguu ukikatwa mtu hafiki mbali wanapaswa kuisoma hesabu hiyo kwa utulivu.

Wala hatuzungumzii ugonjwa wa watu wachache wa mjini. Uchunguzi uliofanywa vijijini na kuchapishwa mwaka 1989 uliwakuta watu wazima wenye kisukari wakiwa takriban asilimia moja tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ukapata asilimia 9.1 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Mbinu za upimaji hazikufanana, kwa hiyo mtu asizipange namba hizo mbili kama ngazi. Hata hivyo mkoa wa Tabora, uliohesabiwa watu 3,391,679 katika sensa ya 2022 na ambao ni mpana kuliko mikoa yote nchini, hauwezi kujidanganya kwamba kisukari ni cha Kariakoo.

Sasa turudi kwenye foleni. Wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote na kuyapima upya, walipotazama haidrojeli kwa vidonda vya miguu vya kisukari mwaka 2013 walipata majaribio matano yenye washiriki 446. Walikuta dalili kwamba jeli hushinda gozi ya kawaida, lakini majaribio yalikuwa madogo na yenye kasoro, hivyo hawakuthubutu kulisema kwa sauti. Mwongozo wa mwaka 2023 wa jopo la kimataifa la mguu wa kisukari unamwambia tabibu achague kitambaa kwa kuangalia majimaji ya kidonda, starehe ya mgonjwa na gharama. Na jeli yenyewe si ya kila kidonda. Inafaa kikavu chenye nyama ngumu iliyokufa. Ukiiweka kwenye kidonda kinachobubujika unakirowesha hadi ngozi ya pembeni inachakaa, na ukiiweka kwenye kidole cheusi kilichokosa damu unakaribisha uozo mahali palipokuwa pamekauka salama.

Linganisha na hiki. Mwaka 2001 David Armstrong na wenzake huko Marekani waliwagawa wagonjwa 63 wenye vidonda vya unyayo katika makundi matatu. Kundi moja lilifungwa plasta ngumu inayoshika mguu mzima hadi chini ya goti, iliyofinyangwa kwa namna ya kuusambaza uzito wa mwili ili kidonda kisibebe kitu. La pili likapewa buti maalumu la kuvaa na kuvua. La tatu, kiatu cha nusu. Baada ya wiki 12, waliopona walikuwa asilimia 89.5 katika kundi la plasta, 65 kwa buti, na 58 na ushei kwa kiatu. Hakuna jeli niliyoisoma inayokaribia pengo hilo.

Kinachovutia ni sababu. Buti na plasta hupunguza uzito karibu sawa. Tofauti ni kwamba plasta haivuliki. Miaka miwili baadaye watafiti haohao walificha kipimo cha hatua ndani ya mabuti na kugundua kuwa wagonjwa waliyavaa kwa asilimia 28 tu ya hatua zao za siku. Nyumbani waliyavua. Nani angewalaumu? Mguu hauumi, buti ni zito, na choo kipo hatua chache. Ganzi humfanya mtu mwenye akili timamu aukanyagie mguu wake mpaka uoze.

Maarifa haya, nakumbusha, yalianzia kwa ukoma. Paul Brand, daktari wa Kiingereza aliyefanya kazi Vellore nchini India baada ya Vita Kuu ya Pili, ndiye aliyeonyesha kwamba vidole vya wenye ukoma havidondoki kwa sababu ugonjwa unavila. Vinaumia na kuumia tena kwa sababu mwenyewe hasikii. Plasta ya kupumzisha mguu ilitumika kwa wenye ukoma kabla haijahamia kwa wenye kisukari. Na hapa ndipo Tabora ilipo na mtaji ambao haijauhesabu. Tangu mwaka 1977 tuna Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na kila wilaya ina mratibu wake. Watu hawa wamefundishwa kushika mguu wa mtu, kupima ganzi, kutafuta sugu na nyufa, kumwelekeza mgonjwa aloweke miguu, aipake mafuta na avae ndara yenye soli laini. Wanaijua kazi hii kuliko madaktari wengi wanaoandika dawa za sukari. Lakini mpango wa ukoma uko chumba kile, kliniki ya sukari iko chumba hiki, fedha zao zinatoka mifuko tofauti, na mwenye kisukari mwenye ganzi ileile anapita mlangoni kwa mratibu kila mwezi bila kuguswa.

Mguse, na ni bure. Upo upimaji uliobuniwa Ipswich, Uingereza, na kuelezwa mwaka 2011, usiohitaji hata uzi maalumu. Mgonjwa anafumba macho, mpimaji anagusa kwa wepesi ncha ya kidole gumba cha mguu, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili, sekunde moja au mbili kila kimoja. Asipohisi viwili au zaidi katika hivyo sita, miguu yake iko hatarini. Kwa mtu mmoja hata dakika tatu haziishi. Kliniki ambayo wagonjwa wanapangwa kwenye mabenchi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, wanapimwa presha, wanapimwa sukari, wanaandikiwa metformini na kurudi nyumbani wakiwa na viatu vyao miguuni, haina kisingizio. Ningependa kuuona utaratibu ambao mtu haingii kwa daktari wa sukari ila peku.

Tanzania imewahi kuthibitisha kwamba inawezekana. Kuanzia mwaka 2004, mpango ulioitwa Step by Step, uliosimamiwa na Abbas kwa kushirikiana na wenzake wa Ulaya na India, uliwafundisha daktari na muuguzi wawili wawili kutoka vituo vya mikoani kukagua miguu, kukwangua sugu na kusafisha vidonda, na kuwapa vifaa vya kufanyia kazi hiyo. Nao wakatakiwa kurudi kufundisha wengine. Taarifa yake ya mwaka 2011 ilionyesha vidonda vibaya na ukataji vikipungua. Kisu kidogo kikali, mikono iliyofundishwa, na daftari. Hakukuwa na muujiza wowote wa kemia ndani yake.

Najua swali ambalo msomaji wa Tabora analo tayari, kwa kuwa mkoa huu ukiutaja lazima utaje nyuki. Je, asali? Asali ya miombo si ndiyo dawa ya vidonda tangu enzi za mababu?

Jibu lina sehemu mbili na sitaki kuikatisha hata moja. Asali hupigana na vijidudu kweli. Ni chachu, hivyo wengi hawastawi ndani yake. Ina sukari nyingi iliyobanana, inayonyonya maji kutoka kwa bakteria na kuvuta majimaji ya kidonda kuelekea nje. Ina kimeng'enya cha nyuki ambacho, asali ikichanganyika na maji kidogo, hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Wamisri wa kale waliipaka kwenye majeraha kwa mafuta na nyuzi, na waliandika hivyo. New Zealand imeigeuza asali yake ya manuka kuwa bidhaa ya hospitali, na mwaka 2007 mamlaka ya Marekani ikaruhusu bandeji yake kuuzwa huko. Baadhi ya bidhaa hizo ni jeli. Kwa hiyo anayesema haidrojeli ni ya kwao na asali ni ya kwetu hajaona rafu ya duka la dawa la Auckland.

Sehemu ya pili ni chungu. Asali ya hospitali hupigwa mionzi ya gama ili kuua mbegu za bakteria, zikiwemo za botulizimu, ambazo hukaa ndani ya asali bila kufa. Asali ya dumu iliyopita mikono sita kutoka porini Sikonge hadi stendi, nyingine imechakachuliwa kwa sukari guru njiani, haina ulinzi huo. Na hata ile iliyosafishwa, Cochrane walipoipima mwaka 2015 waliona inasaidia kwenye baadhi ya majeraha ya moto. Kwa vidonda vya miguu vya kisukari ushahidi haukutosha kusema lolote. Mwongozo wa 2023 unashauri isitumike kwa lengo la kuponya vidonda hivyo. Tunaojivunia mizinga yetu tunaweza kununa, lakini kununa hakuoteshi ngozi. Mbaya kuliko yote ni kwamba asali humpa mgonjwa ruhusa ya kuendelea kutembea. Amekwisha kupaka, na wiki zinapita.

Gharama kubwa katika habari hii yote haiko dukani. Plasta ni ya bei nafuu, na hospitali yoyote inayofunga mifupa iliyovunjika inayo. Tuna Watanzania waliofundishwa kutengeneza viungo bandia na viatu vya tiba katika chuo cha TATCOT, Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981. Gharama ni zile wiki nane au kumi na mbili. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua aliyepata kidonda Januari anaambiwa na daktari asikanyage chini hadi Machi au Aprili, wakati ambao majani yanachumwa, mabani yanahitaji kuni na mtu wa kukesha na moto, na deni la pembejeo linamsubiri kwenye chama cha msingi. Anaitikia ndiyo daktari, anarudi nyumbani, na kesho yake yuko shambani. Si mkaidi. Amepiga hesabu ya familia yake na amechagua mguu uwe ndio unaolipa. Plasta isiyovulika inamsaidia kiasi, maana inamruhusu kuchechemea bila kukiponda kidonda, ila haimruhusu kupasua kuni. Tena lazima irudishwe hospitali kufunguliwa na kubadilishwa kila wiki au mbili, na nauli ya kutoka Ulyankulu hadi mjini inatoka mfuko uleule. Mgonjwa mwenye damu isiyofika mguuni, au mwenye usaha uliosambaa, hafai kufungwa kabisa hadi atibiwe kwanza, hivyo anayefunga lazima awe anajua anachokifanya.

Kwa hiyo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapozidi kutekelezwa na watu wanabishana ni nini kiingie kwenye kitita, mimi napendekeza mabishano yaanzie chini ya mguu. Ziingie plasta ya kupumzisha mguu, ndara ya soli laini kwa kila aliyefeli upimaji wa kugusa, nauli ya kurudi kubadilisha plasta, na kisha jeli ya kawaida kwa kidonda kinachoistahili. Vyama vya msingi vya tumbaku, vinavyomkata mwanachama kwa mbolea, viweze kukata kidogo kwa ajili ya msimu ambao mwanachama yuko kitandani, vibarua wakamfanyie kazi mabanini. Hiyo jeli inayotuma taarifa bila waya ninaitakia heri huko California.

Na asali isitupwe. Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki, ina hospitali ya mkoa, na Nkinga ina jina katika upasuaji wa mifupa. Nchi ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya kusimamia ubora. Anayetaka kuthibitisha kwamba jeli ya asali ya miombo inafaa, afanye jaribio, tena alifanye barabara. Asali ichujwe, ipigwe mionzi, ipimwe nguvu yake debe kwa debe, kwa sababu asali ya msimu mmoja si ya msimu mwingine. Wagonjwa wote, bila kubagua, wapimwe mishipa ya damu, wasafishwe kidonda na wafungwe plasta ileile. Baada ya hapo ndipo nusu wawekewe jeli ya asali na nusu gozi yenye maji ya chumvi, na anayepima ukubwa wa kidonda asijue nani kapata nini. Bila kuwafunga wote plasta, jaribio litakuwa limepima nani aliyeweza kulala nyumbani na nani aliyelazimika kwenda shambani, na majibu yake yataandikwa kwenye hesabu ya asali.